Wakfu wa Jamii: Ruzuku Ndogo Inayotoka Karibu

Mzee wa Lamu akitangaza kwamba minazi yake ishirini ni wakfu wa msikiti, hakuna jirani anayehitaji kuelezwa maana yake. Minazi haiuzwi, hairithiwi, haiwekwi rehani. Kinacholiwa ni nazi. Fedha ya nazi itanunua mikeka, itatengeneza paa linalovuja, itamlipa anayechota maji ya kutawadhia. Mzee atazikwa, wanawe watahamia Mombasa, na minazi itaendelea kuangusha madafu kwa ajili ya watu ambao yeye hakuwahi kuwaona. Pwani ya Afrika Mashariki imeishi na utaratibu huu kwa karne nyingi, hata serikali zikauwekea vyombo vyake: Kenya ilitunga sheria ya makamishna wa wakfu mwaka 1951, na Zanzibar ina Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana.

Pengine ndiyo sababu magazeti ya Kenya, yalipohitaji jina la taasisi za hisani za kigeni, hayakwenda mbali. Yakasema Wakfu wa Ford, Wakfu wa Rockefeller. Tanzania wengi husema taasisi, au mfuko. Vyovyote zinavyoitwa, hizo kubwa zilianza na mali ya tajiri mmoja au ukoo mmoja, na maamuzi yake hufanywa mbali na kijiji kinachonufaika.

Kuna aina nyingine, ndogo na isiyosikika sana. Wakfu wa jamii hauna tajiri mwenyewe. Hukusanya michango ya watu wengi wa mahali pamoja, wakubwa kwa wadogo, huweka sehemu yake kuwa mtaji usioguswa, na kile kinachozaliwa na mtaji huo, pamoja na fedha nyingine zinazochangwa, hugawiwa kama ruzuku kwa vikundi vya mahali hapo. Wanaopokea ni akina mama wanaotunza kisima, vijana wenye maktaba ya chumba kimoja, wazazi wa watoto wenye ulemavu wanaokutana chini ya mwembe kila Jumamosi. Ni makundi ambayo mfadhili mkubwa hawezi kuyaona hata akitaka, maana gharama ya kuwatembelea inazidi fedha wanazoomba.

Wazo katika sura yake ya sasa lilizaliwa Marekani, na lilizaliwa kutokana na kero ya benki. Frederick Goff alikuwa mwanasheria aliyeshika uongozi wa Cleveland Trust, benki ya jiji la Cleveland, Ohio. Kazi mojawapo ya benki za namna hiyo ilikuwa kutunza mali zilizoachwa kwa wosia. Tatizo ni kwamba marehemu hawasikii habari mpya. Mfano uliokuwa ukitajwa sana ni wa Bryan Mullanphy, aliyewahi kuwa meya wa St. Louis na kufariki mwaka 1851. Aliacha theluthi ya mali yake iwasaidie wasafiri maskini wanaopita mjini hapo kwenda kuanza maisha upande wa magharibi wa Marekani. Ikaja reli, misafara ya magari ya kukokotwa ikakoma, na fedha zikabaki zikiwasubiri watu waliokwisha kupita.

Januari 1914 Goff alileta dawa yake. Watu wa Cleveland watoe katika mfuko mmoja. Benki itunze mtaji, lakini isiamue peke yake nani apewe. Uamuzi uwe wa kamati ya watu watano: wawili wateuliwe na benki, mmoja na meya, mmoja na jaji wa mahakama ya shirikisho na mmoja na jaji wa mirathi. Kusudi la mtoaji likipitwa na wakati, kamati ina ruhusa ya kulihamisha kwenye haja iliyo hai. Hapo ndipo wakfu wa Cleveland ulipoachana na wakfu wa msikiti, ambamo sharti la mwenye kutoa huheshimiwa karibu kama sheria yenyewe.

Utaratibu huo ulienea haraka. Mwaka 1921 ulifika Winnipeg, Kanada, ambako mwenye benki William Alloway alifungua mfuko kwa dola 100,000. Mchango wa pili haukutoka kwa mwenye benki mwingine. Mwaka 1924 ilifika bahasha isiyo na jina la mtumaji, na ndani yake mlikuwa na sarafu tatu za dhahabu, za dola tano kila moja. Mtumaji aliiita senti ya mjane, kama yule wa Injili. Mfuko wa Winnipeg hadi leo huitaja bahasha ile kwa fahari ileile unayomtajia Alloway. Inafaa hivyo, kwa sababu mfuko wenye tajiri mmoja ni zawadi yake kwa mji, na ulipoingia mchango wa asiyekuwa nacho, mfuko ule ulikuwa wa mji wenyewe.

Kenya iliingia mwaka 1997, lilipoanzishwa shirika la Kenya Community Development Foundation, ambalo watu wake hulitaja kwa herufi zake, KCDF. Wakfu wa Ford na ule wa Aga Khan zililishika mkono mwanzoni, na mwaka 2001 likasimama kama shirika kamili lenye usajili wake. Waanzilishi hawakuwa na haja ya kuwafundisha Wakenya kutoa. Nchi ambayo neno harambee limeandikwa kwenye nembo ya taifa inajua kutoa. Shule nyingi za sekondari, zahanati na mabwawa vilijengwa kwa bahasha, kuku na mbuzi walionadiwa uwanjani Jumapili mchana.

Lakini harambee ina udhaifu wake. Huanza na kumalizika siku moja. Fedha zinapatikana, ukuta unapanda, wageni wanaondoka, na mwaka wa tatu paa likianza kuvuja watu wanaitana upya kama vile hawajawahi kukutana. Tena harambee ilitekwa na wanasiasa zamani sana. Mheshimiwa anatua na bulungutu la noti, anashangiliwa, na hakuna anayeuliza ilikotoka. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maofisa wa serikali kushiriki harambee. Haikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kujaribu kuwazuia. Sheria ya maadili ya maofisa wa umma ya mwaka 2003 nayo ililigusa jambo hilo.

KCDF ilitaka kuiongezea harambee kile ambacho minazi ya Lamu inacho, yaani mtaji unaobaki. Hesabu yake ni rahisi, ingawa inahitaji subira. Tuseme wakazi wa eneo moja wamejikusanyia shilingi milioni 10 za Kenya kwa miaka kadhaa, wakanunua hatifungani za serikali zinazolipa asilimia 12 kwa mwaka. Mwaka ukiisha kuna milioni 1.2 mkononi. Wakizigawa zote, watu watafurahi, ila bei za vitu zitaendelea kupanda na milioni 10 zao zitazidi kunyauka. Wenye busara watarudisha nusu kwenye mtaji. Zinabaki laki sita. Hizo ni ruzuku sita za laki moja moja, na hapo mhasibu bado hajalipwa.

Laki moja haichimbi kisima kirefu. Inaweza kununua pampu badala ya ile iliyokufa, au mashine mbili za kushonea, au kodi ya chumba cha maktaba kwa miezi kadhaa. Mtu aliyezoea hotuba za miradi ya mamilioni anaweza kuicheka. Mwenye kikundi hacheki, kwa sababu anajua pampu ile ndiyo iliyokuwa imesimamisha kila kitu.

Njia moja ambayo KCDF imeitumia inastahili kuangaliwa kwa karibu. Mpango wake wa Pamoja4Change haumpi fedha mwombaji anayekuja mikono mitupu. Kikundi huchangisha kwanza kwa watu wake, kisha KCDF huongeza juu ya kile kilichopatikana. Zamani kuchangisha kulitaka hema, viti vya kukodi na mgeni rasmi. Leo kuna M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, na kuna M-Changa, huduma ya Kenya ya kuchangisha kwa simu, ambamo mtoaji huona kiasi kinavyopanda. Shilingi hamsini ya muuza mboga inaingia kwenye orodha sawa na elfu tano ya mwanawe aliye Doha.

Kwa nini kumlazimisha maskini achange kwanza? Swali hilo huulizwa, na ni la haki. Jibu hupatikana siku fedha zinapoanza kutumika. Fedha ya mfadhili wa mbali huonekana kama mvua. Ikinyesha, vizuri; ikipotea, basi. Lakini aliyetoa hamsini yake atapita kwenye mradi akitoka sokoni, atauliza saruji iko wapi, na mwenyekiti atajibu, maana kesho watakutana tena msibani au kwenye gari. Hakuna mkaguzi wa hesabu anayelipwa awezaye kufanya kazi hiyo kwa bei hiyo.

Ukweli usifichwe: hata KCDF imetegemea sana wafadhili wa nje kwa miaka yake mingi, na mtaji wa ndani haujatosha kuchukua nafasi yao.

Sasa upande wa anayeomba. Ruzuku si mkopo, hairudishwi. Jambo hili huwachanganya wengi, hasa Tanzania, ambako halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawo wa nne, nne na mbili. Ile ni mikopo, japo haina riba, na inalengwa kwa biashara. Ruzuku hulengwa kwa kazi isiyo na faida ya mfukoni, na malipo yake ni taarifa: mlipewa kiasi gani, mmefanya nini, risiti ziko wapi.

Fomu za wakfu wa jamii huwa fupi kuliko za mashirika makubwa ya kimataifa, lakini mambo yanayotakiwa hayatofautiani sana. Cheti cha usajili kilicho hai. Katiba ya kikundi. Akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Andiko la mradi linaloeleza tatizo, kazi, muda na bajeti. Kwa Kenya, sheria ya usajili wa vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na watu wasiopungua 10, na usajili hufanyika kwenye ofisi za maendeleo ya jamii. Mashirika makubwa zaidi yana sheria yao, ile ya mashirika ya manufaa ya umma, iliyotiwa saini mwaka 2013 na kulala kabatini hadi Mei 2024 ndipo ikaanza kutumika. Tanzania kikundi kidogo huanzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata na halmashauri, ilhali asasi isiyo ya kiserikali huenda kwa msajili chini ya sheria ya mwaka 2002.

Yasomwapo harakaharaka, masharti haya yanaonekana mepesi. Katika maisha ya kikundi, hapo ndipo pa kukwama. Cheti kimeisha muda na aliyekuwa akikifuatilia ameolewa mji mwingine. Mtia saini mmoja ni marehemu, na benki inataka muhtasari wa mkutano uliochagua mwingine, na muhtasari haukuandikwa kwa sababu siku ile mvua ilinyesha mkutano ukavunjika. Bajeti ina kifungu kiitwacho mengineyo ambacho ni kikubwa kuliko kazi yenyewe. Kazi ni njema, watu ni waaminifu, na ombi linaanguka.

Mfuko ulio karibu una nafasi ya kuyaona haya kabla ya kukataa. Ofisa wake anaweza kupanda bodaboda akafika. Akifika hatafuti hotuba. Anataka kuonyeshwa kisima, halafu daftari. Anamuuliza mweka hazina swali, na kama kila mara anayejibu ni mwenyekiti, amekwisha kuelewa kikundi kinavyoendeshwa. Akiridhika, fedha hutoka kwa awamu: sehemu ya kwanza, taarifa, kisha sehemu ya pili. Mifuko mingine huanza na mafunzo ya kuweka hesabu kabla ya kutoa hata senti. Vikundi hulalamika, wakisema walikuja kuomba fedha wakapewa semina. Malalamiko yana ukweli wake, kwa kuwa semina zimekuwa nyingi kuliko pampu katika nchi hizi.

Ukaribu huohuo una sumu yake. Anayeijua kata nzima ana shemeji katika kata nzima. Kamati ya watu saba wa mji mdogo haiwezi kukosa mtu ambaye dada yake ni katibu wa kikundi kinachoomba. Kanuni ya kawaida ni kwamba mjumbe wa namna hiyo aseme mapema, atoke chumbani wakati wa kujadili, na jambo liandikwe. Mahali pengine wamekwenda mbali zaidi. Dalia, wakfu wa jamii wa Palestina ulioanza mwaka 2007, una mpango ambamo wanakijiji wenyewe hukutana, husikiliza kila kikundi kikieleza mbele ya wote, kisha hupiga kura kuamua nani apate. Mkutano wa kijiji wa Tanzania, ambao tayari una nguvu kisheria, ungeweza kufanya hivyo bila kutunga chombo kipya.

Tanzania yenyewe imejaribu kwa njia zake. Foundation for Civil Society, iliyosajiliwa mwaka 2002 na kuanza kazi mwaka uliofuata, imetoa ruzuku kwa AZAKI, yaani asasi za kiraia, kubwa na ndogo, Bara na Zanzibar. Imezifikia asasi za wilayani ambazo balozi hazikuwa na njia ya kuzifikia. Hata hivyo fedha zake zimetoka zaidi kwa nchi wahisani, hivyo ni mfereji zaidi kuliko kisima. Mifuko ya miji, iliyokusudiwa kuwa kisima, ilianzishwa katika miaka ya 2000 kwa msaada wa Benki ya Dunia, Morogoro na Arusha zikiwa miongoni mwake. Mifuko ya namna hiyo hukutana na mtihani mmoja kila mahali: mwanzilishi wa nje akishaondoka, nani wa ndani atajaza mtungi?

Swali hilo limekuwa kali zaidi tangu Januari 20, 2025, siku Rais Donald Trump aliposaini amri ya kusimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje kwa siku 90. Julai mosi ya mwaka huo USAID ikafungwa rasmi. Vikundi vidogo vingi havikuwa na mkataba na Wamarekani. Vilipokea kutoka kwa shirika la wilaya, lililopokea kutoka kwa shirika la taifa, lililopokea kutoka kwa kampuni ya Washington. Waliokuwa wa mwisho kwenye foleni ya kupokea, ndio waliokuwa wa kwanza kuambiwa hakuna kitu.

Wakfu wa jamii hauwezi kuziba pengo hilo. Dawa za maelfu ya wagonjwa hazinunuliwi kwa ruzuku za laki moja, na anayesema vinginevyo anazipa serikali kisingizio cha kukaa pembeni. Unachoweza kufanya ni kukilinda kikundi kisife katika miezi ambayo hakuna mfadhili: kodi ya ofisi ilipwe, simu ya mratibu iwe na vocha, mkutano wa mwezi ufanyike. Gharama hizo za kawaida ndizo wafadhili wakubwa huziogopa kuliko zote, kana kwamba kazi ya jamii hufanyika bila mtu kula wala kupanda daladala.

Kwa kikundi kinachotaka kujaribu, pa kuanzia si intaneti wala mtaalamu wa kuandika maandiko anayedai asilimia kumi ya ruzuku isiyopatikana bado. Huyo mkimbieni, wafadhili wengi hawakubali malipo ya aina hiyo. Nendeni kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata au kaunti ndogo yenu, mwonyesheni cheti, mwulizeni kama bado ki hai. Pitieni benki mthibitishe watia saini wote wapo. Itisheni mkutano, andikeni muhtasari siku ileile, na mchange japo mia mia, kila jina na kiasi chake daftarini. Ofisa wa mfuko atakapofika kwa bodaboda, daftari hilo ndilo atakaloomba kuliona.